Idara ya Maamkizi

Hadithi hii siianzi kwa kumtaka msikilizaji aitikie. Katika nchi ninayokwenda kuisimulia, kuitikia kumewaponza watu wengi, na mimi sitaki lawama.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Ina bendera, ina wimbo, ina barabara moja nzuri inayotoka uwanja wa ndege hadi ikulu, na ina sheria ya majeruhi ambayo wageni hutoka ng'ambo kuja kuisoma. Sheria hiyo inasema kwamba raia yeyote atakayeumia bila kosa lake atahudumiwa na Shirika la Faraja la Taifa, kwa bima ambayo kila mtu hukatwa tangu siku anapopewa kitambulisho. Atapasuliwa na bingwa, atalazwa kwenye kitanda chenye shuka mbili, na akitoka atatunzwa mpaka aweze kurudi kazini. Haki zote hizo zimechongwa kwa herufi za dhahabu kwenye ukuta wa Shirika. Juu yake kuna maneno mengine ya kujivunia zaidi: tangu sheria ipitishwe, Shirika halijapata majeruhi hata mmoja. Watu wa huko ni wazima kweli kweli.

Kibibi Shomari aliyajua hayo kama kila mtu. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo asiye na mume wala mtoto, na kazi yake aliifanyia kwenye baraza ya duka la vitambaa, karibu na mzunguko wa barabara. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa na kazi. Alikuwa na mazoea ya kuwaambia wateja kwamba mikono inaongoza nguo tu, anayeshona ni mguu. Siku Shirika lilipokuja kusimamisha bango kubwa la chuma mbele ya baraza, lenye maneno HAPA HAKUNA ANAYEUMIA, Kibibi alifurahi, kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa likimsumbua na bango lingempa kivuli.

Lilimpa kivuli mpaka mvua za vuli zilipolainisha udongo. Asubuhi moja likaanguka. Lingeweza kuangukia barabara, lingeweza kuangukia mbuzi wa mwenye duka, lakini liliiangukia cherehani na mguu uliokuwa ukiikanyaga.

Gari la wagonjwa lilichelewa. Ofisa Maamkizi hakuchelewa, maana Idara ya Maamkizi ndiyo yenye bidii kuliko idara zote za Shirika. Vijana wake huchaguliwa kwa adabu, hufundishwa kuinama na kuvua kofia, na kila mmoja hutembea na kinasa sauti na mashahidi wawili. Aliyefika alikuwa Bwana Shekue, kijana mpole mwenye uso wa huruma. Alipiga magoti vumbini karibu na kichwa cha Kibibi.

"Mama, hujambo?"

Kibibi alikuwa chini ya chuma. Mguu wake hakuuona, na aliogopa kuuliza uko wapi. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa, na hapa kijana wa watu amepiga magoti kwenye vumbi na suruali safi ili amsalimu.

"Sijambo, baba," alisema.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Karibu. Unisamehe, sina hata pa kukukalisha."

Bwana Shekue alizima kinasa sauti, akawageukia mashahidi wake, nao wakakubali kwa vichwa. Akamshukuru mama kwa ushirikiano wake, akamtakia siku njema, akaondoka akijikung'uta magoti. Hapo ndipo Kibibi aliposema kwamba mguu unamuuma sana, na kwamba anaomba watu wa Mungu wamwondolee chuma hiki. Maneno hayo yalikuwa ya kweli kabisa, ila hakukuwa na aliyebaki kuyanasa.

Hospitalini daktari alimweleza bila kuzungusha. Mifupa ya kifundo ilikuwa imevunjika vibaya na nyama imechanika. Ilitakiwa apasuliwe, atiwe vyuma, alazwe. Bingwa alikuwapo, vyuma vilikuwapo, vimefungiwa kabatini, ila ufunguo wa kabati unatunzwa na Shirika la Faraja.

"Wakikubali kwamba umeumia, nakupasua kesho," daktari alisema. "Wasipokubali, nitakufunga bandeji tusubiri. Ukianza kuoza, nitaukata. Kukata hakuhitaji kibali."

"Wakubali nini tena, daktari? Bango ni lao. Mguu ndio huu."

Daktari aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu. Jibu la Shirika lilifika kabla ya chakula cha mchana, likasomwa kwa sauti na karani kando ya kitanda: Shirika limefarijika kusikia kutoka kinywani mwa Bi Kibibi Shomari mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba hajambo, na kwamba asubuhi yake ilikuwa nzuri. Linamtakia maisha mema.

Katika nchi ile mtu akikataliwa haki yake anayo haki ya kukata rufani, na akikata rufani anayo haki ya kuwa na wakili. Aliyekuja alikuwa Wakili Mchopa, mtu mrefu mwenye koti lililopauka mabegani. Alikuwa ametetea watu waliovunjika, waliong'oka na waliobabuka, na hajawahi kushinda kesi hata moja, jambo lililompa sifa ya uzoefu. Alivuta kiti akakaa kimya.

"Sikusalimii," alisema mwishowe. "Usione nakudharau. Nakulinda."

Kisha akamweleza. Sheria husikiliza jibu la kwanza tu. Mtu akiulizwa hali yake, neno la kwanza analotoa ndilo ushahidi, na yote yanayofuata ni porojo. Kwenye rufani mwombaji husalimiwa mara tatu mbele ya majaji, na mara zote tatu akijibu kwamba hali yake ni mbaya, basi ameshinda na kabati linafunguliwa siku hiyo hiyo.

Kibibi alimtazama. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Na hakuna aliyeweza." Wakili Mchopa akahesabu kwa vidole wale anaowakumbuka. Mpasuaji mbao mmoja, mkono umebaki kiwandani, alipoulizwa hali alisema anamshukuru Mungu. Majaji wakaona kwamba mtu hawezi kushukuru kwa hasara. Mama mmoja alijikaza akasema hali mbaya, akajikaza tena mara ya pili, na mara ya tatu wakamuuliza habari za nyumbani. Akasema hawajambo. Ikaamuliwa kwamba kama nyumbani hawajambo, basi wapo wa kumtunza.

"Na kwa nini wasisikilize mpaka mwisho?" Kibibi aliuliza. "Mtu wa kwetu akisema nzuri, ndio kwanza amefungua mdomo."

"Nimewaambia hivyo miaka yote. Nimewaambia, nzuri ni kama hodi, mwenyewe bado hajaingia ndani. Wakasema sheria haina nafasi ya sentensi ya pili. Ni kwa ajili ya kuokoa betri."

Usiku ule Kibibi hakulala vizuri, na si kwa maumivu peke yake. Alikuwa amelelewa na bibi yake mzaa mama, Bibi Mize, huko shamba, na kitu cha kwanza alichofundishwa na bibi huyo kilikuwa kuitikia. Mama yake Kibibi alipofariki, Kibibi akiwa bado hajaota meno ya utu uzima, watu walikuja kuhani, na mzee mmoja akamwinamia akamuuliza habari za hapa. Kibibi akaangua kilio. Bibi Mize alimvuta pembeni, naye machozi yanamtoka, akamwambia: "Unaanza na nzuri, mwanangu. Unamkaribisha mtu kwanza, anakaa. Ndipo unampa msiba wako, maana sasa ana pa kuuwekea." Kibibi alirudi akasema nzuri, halafu akasema mama amekufa, na yule mzee akampakata. Hakuwahi kuitikia kwa namna nyingine tangu siku hiyo.

Ndiyo maana, jirani alipokwenda shamba wiki ile, Kibibi alimwagiza amwambie Bibi Mize kwamba hajambo. Alikusudia kumpelekea yaliyobaki baadaye, mguu ukishatengenezwa.

Mazoezi yalianza. Wakili Mchopa alikuja kila jioni, akavua koti, akasimama miguuni pa kitanda kama mtu anayepita njia.

"Habari za leo?"

"Nz..."

Alipiga chuma cha kitanda kwa kiatu. Wakarudia. Kibibi alijaribu kuuma ulimi, akajaribu kuutazama mguu kabla ya kujibu, akajaribu kumfikiria Bwana Shekue akijikung'uta magoti. Hilo la mwisho lilisaidia kidogo. Siku moja neno likatoka lote, "Mbaya," na likamtisha mwenyewe. Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye kifua chake kilikuwa kimebonyea na ambaye kila asubuhi aliwaambia wauguzi kwamba yuko salama kabisa, aligeukia ukutani kwa aibu.

Baada ya hapo ilimbidi azoee mbele ya watu. Mke wa mwenye duka alikuja kumtazama na kapu la machungwa.

"Habari za hapa, Kibibi?"

"Mbaya."

Yule mwanamke alisimama na kapu lake. Alingoja liongezwe lolote, tabasamu au hata karibu. Wakili alikuwa amekataza vyote. Mwishowe akasema basi atapita siku nyingine, akaondoka na machungwa. Kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa na habari kwamba jeraha limempanda Kibibi kichwani, hana tena adabu, anawajibu watu ovyo. Wageni wakakatika. Shirika nalo likaleta wa kwake: mfagiaji mpya aliyemwamkia kila alipopitisha fagio, muuza karanga aliyemuulizia usingizi wake, shekhe asiyejulikana, aliyetaka kujua kama ameamka salama. Kibibi aliwajibu wote kwamba ni mbaya, na kila alipojibu alijisikia mchafu, kama aliyewatemea mate.

Mguu nao haukungoja mazoezi. Vidole vilibadilika rangi, na bandeji ikaanza kunuka hata muuguzi akafungua dirisha bila kusema kwa nini. Daktari alikuja, akabonyeza, akauliza kama anahisi. Kibibi alisema hahisi. Usiku alijaribu kukanyaga hewani kwa mguu ule chini ya shuka, akitafuta mwendo wa cherehani, na kitu hakikusogea. Aliogopa sana. Aliwaza kwamba fundi asiye na mguu ataishi kwa huruma ya watu, na watu wenyewe amekwisha kuwafukuza.

Siku ya rufani ukumbi wa Shirika ulijaa. Viti vya mbele vilikaliwa na wageni wa ng'ambo, waliokuja kujifunza. Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Dakta Mwinyikondo, alifungua shughuli kwa hotuba.

"Nchi nyingine zina majeruhi wengi na sheria dhaifu," alisema. "Sisi tuna sheria kali na hatuna majeruhi. Wapo wanaosema Shirika halilipi. Ndugu zangu, tumlipe nani? Tumetembea nchi nzima tukiwauliza wananchi hali zao, kwa upole, kwa magoti. Wote wamesema nzuri. Tuwaite waongo? Serikali gani hiyo itakayowaita wananchi wake waongo?"

Makofi yalipigwa. Kibibi aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefunikwa kanga ili usiwakere wageni. Majaji watatu walikuwa wamekaa juu, na Wakili Mchopa alisimama nyuma yake akipumua kwa nguvu.

Bwana Shekue alitangulia. Alikuja, akapiga magoti, akavua kofia kama siku ile.

"Mama, hujambo?"

"Si mzima," Kibibi alisema. "Mguu wangu umevunjika."

Ukumbi ulinong'ona. Jaji wa katikati akaondoa miwani yake, akamwinamia. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na sauti ya baba.

"Habari za tangu siku nyingi, binti yangu?"

Kibibi alimtazama machoni. "Mbaya, mzee."

Mgeni mmoja wa ng'ambo aliacha kuandika. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kupita mara mbili, na Wakili Mchopa alikuwa ameushika mgongo wa kiti. Ilibaki salamu moja. Kwa mujibu wa kanuni, ya tatu hutolewa na mtu anayechaguliwa na Shirika.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Aliingia mwanamke mzee sana, amevaa kanga mpya zisizofuliwa hata mara moja, ameshikwa mkono na msichana wa Idara ya Maamkizi. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Alikanyaga sakafu ile inayoteleza kwa uangalifu, akiuliza kwa sauti ndogo mjukuu wake yuko upande gani. Walikuwa wamemfuata shamba kwa gari la Shirika alfajiri, wakamwambia Kibibi anasherehekewa mjini.

Kibibi alianza kufumbua mdomo. Bibi Mize ni mkubwa, na mdogo ndiye anayeamkia.

"Usimwamkie," Wakili Mchopa alimnong'oneza kwa haraka. "Anayeanza salamu huhesabiwa mzima. Wameandika hivyo. Ngoja akuulize."

Msichana alimfikisha Bibi Mize mbele ya kiti, akamwachia. Mzee alinyoosha mkono hewani, kiganja chini, akingoja kichwa cha mjukuu na shikamoo yake. Akangoja. Ukumbi mzima ulisikia namna anavyongoja. Tabasamu lake likapungua kidogo kidogo, na mkono ukaanza kushuka.

"Hujambo, mwanangu?" alisema mwenyewe, kwa kusaidia, kama mtu anayemkumbusha mtoto.

Kibibi alikuwa amejiandaa kwa kila mtu isipokuwa huyu. Aliufikiria mguu chini ya kanga, na kabati, na cherehani. Akafumba macho.

"Hapana, bibi. Hali yangu mbaya."

Bibi Mize alisimama vile vile. Aligeuza sikio, akaonekana anaipima ile sauti, kisha akarudi nyuma hatua moja na kumtafuta msichana kwa mkono.

"Mmeniletea nani?" aliuliza.

"Mjukuu wako, bibi. Kibibi Shomari."

"Siye huyu. Sauti mmeipata, sijui mmeitoa wapi, lakini siye. Kibibi nimemlea mimi. Haniamkii? Ananijibu hivyo mbele za watu?" Alikuwa karibu kulia. "Na Kibibi wangu hajambo. Aliniletea salamu."

"Bibi, ni mimi," Kibibi alisema. "Bibi, nimeumia, sikiliza kwanza." Lakini ilikuwa sentensi ya pili, na Bwana Shekue alikwisha kuzima kinasa sauti.

Majaji hawakuhitaji kutoka nje kushauriana. Ilionekana wazi kwamba mwanamke aliyeketi mbele yao si Kibibi Shomari, kwa ushahidi wa aliyemlea, shahidi asiye na sababu ya kusema uongo. Ilionekana pia kwamba Kibibi Shomari halisi, popote alipo, hajambo, na amelithibitisha hilo mara mbili, mjini na shamba. Rufani ikatupwa. Kwa huruma, mahakama haikumshtaki yule mwanamke kwa kuiba jina. Wageni wa ng'ambo walisimama kupiga makofi, na Bibi Mize akarudishwa kwenye gari akiuliza njia nzima wamemfanya nini mtoto wake.

Daktari aliukata mguu kesho yake, chini kidogo ya goti. Hakukuwa na kibali cha kungojea.

Kidonda kilipokauka, Kibibi aliomba lifti kwenye lori la mkaa akaenda shamba. Dereva alimshusha njia panda, na kipande kilichobaki akakitembea kwa magongo, akipumzika kila penye jiwe. Nyuma yake, kwa mbali na kwa heshima, alikuja Bwana Shekue na mashahidi wake. Shirika lilikuwa limesikia kwamba Kibibi Shomari halisi anaweza kuonekana huko, na lilitaka kufunga faili vizuri.

Bibi Mize alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele kwa vidole. Kibibi alisimama uani. Alihema kwanza mpaka sauti ikatulia.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

Ungo ulitulia. "Marahaba," mzee alisema polepole. "Hujambo?"

"Sijambo, bibi."

"Habari za huko mjini?"

"Nzuri. Nzuri tu."

Kule kwenye ua wa makuti kilisikika kitufe kikibonyezwa, kisha viatu vinavyong'aa vikaondoka kwenye majani makavu. Bibi Mize hakuvijali. Uso wake wote ulikuwa umefunguka, na alikuwa ameweka ungo chini na kusogea, akipapasa nafasi kwenye mkeka kando yake.

"Ndiye wewe," alisema. "Kuna mtu walinionyesha, mwanangu, sitaki hata kumkumbuka. Njoo ukae. Karibu."

Kibibi aliegemeza magongo ukutani, akajishusha taratibu, akaukalia mkeka. Mkono wa bibi ulikuja, ukaanza kichwani, ukashuka begani, ukashuka pajani, ukafika pale mguu unapoishia, ukakaa hapo.

Mzee alimgeuzia sikio.

"Haya," alisema. "Umeshakaa. Sasa nipe."

Na Kibibi akampa.